Mkate Ulioungua

Mji wa Harmon Creek, Alabama, una makanisa tisa, kinyozi mmoja na uwanja mmoja wa mpira wa Kimarekani, na kote huko Verlon Pettway aliitwa Mkate. Kirefu chake ni Mkate Ulioungua, jina la kila mlinzi wa pembeni anayeunguzwa, yaani anayeachwa kwenye mataa na mdakaji wa upinzani, yule mkimbiaji wa kupokea pasi, mpaka huyo akavuka mstari na kufunga. Kwa kawaida jina hilo hudumu wiki moja. La Verlon lilidumu miaka ishirini na tatu. Mchungaji alilitamka siku ya ndoa yake, mbele ya madhabahu, waumini wakacheka na bibi harusi, Shondra, naye akacheka. Hilo la Shondra hakulisahau kamwe.

Siku zake alizipitisha katika kiwanda cha kambare, akitenga minofu na miiba kwa kisu chembamba. Wenzake walisema hakuna mkono mwepesi kama wake. Hawakujua alichokuwa anakiwaza alipokuwa anakata.

Alikuwa anamwaza Lavoris Tillery.

Enzi za shule, wilaya nzima haikuwa na kiumbe wa kumkamata Verlon. Yadi arobaini alizimaliza kwa sekunde nne na nusu, na alikimbia kinyumenyume kwa kasi ambayo wengine hawaipati wakienda mbele. Kwa hiyo Kocha Bracey alimpa kazi ngumu kuliko zote: kusimama pembeni, peke yake, uso kwa uso na mdakaji hatari wa wapinzani, na kumfuata kokote aendako. Lavoris alikuwa mlinzi wa nyuma. Miguu yake ilikuwa ya kawaida tu, ila macho yake yaliona kila kitu. Kazi ya mlinzi wa nyuma ni kufunika makosa ya walio mbele yake. Ukimpita wa pembeni, unamkuta yeye.

Kelele za mechi za Ijumaa usiku hazikuruhusu watu kusemezana, hivyo wawili hao waliongea kwa mkono. Verlon aliuweka mgongoni, mahali ambapo Lavoris peke yake angeuona. Kiganja wazi maana yake, baki nyuma yangu. Ngumi maana yake, huyu namuweza, nenda kasaidie kwingine.

Mwaka wao wa mwisho walicheza na shule ya Cutler kugombea ubingwa. Imebaki dakika moja, Harmon Creek inaongoza kwa pointi nne. Mdakaji wa Cutler akachomoka, akamwacha Verlon hatua mbili. Verlon akageuka kumtafuta Lavoris na nyuma hakukuta mtu. Lavoris alikuwa ameshakimbilia upande wa kushoto. Mpira ukashuka taratibu mikononi mwa yule kijana, pointi sita, na ubingwa ukaenda Cutler.

"Nilimfungulia kiganja," Verlon alisema usiku ule. Aliendelea kusema hivyo kwa mama yake, kwa kinyozi, kwa Shondra, kwa yeyote aliyekuwa na masikio. Kikulacho ki nguoni mwako! Lavoris hakukana wala kukiri, na Verlon akaona kimya hicho ni ushahidi tosha.

Sasa Lavoris alikuwa mwalimu mkuu wa shule ileile. Mwaka huu, katika wiki ya wahitimu kurudi nyumbani, jengo jipya la wachezaji lilikuwa linapewa jina lake. Na kamati, bila haya, ikamwomba Verlon alete mashine yake ya kuonyesha video ukutani ili watu watazame mechi za zamani kwenye chakula cha jioni. Verlon alikubali kwa upole uliomshangaza hata mkewe. Miaka ishirini na tatu alikuwa anaomba nafasi, na leo amebembelezwa aichukue.

Mechi ile ilirekodiwa mara mbili. Kanda iliyopigwa kutoka pembeni, mji mzima umeshaiona, na mkono wa Verlon hauonekani. Ya pili ilipigwa kutoka nyuma ya goli, ikitazama migongo ya walinzi. Hiyo Kocha Bracey aliifungia nyumbani mpaka akafa. Verlon akaenda kwa mjane wake.

"Unaitakia nini?" Bi. Earline alimuuliza.

"Kumbukumbu tu, mama."

"Kumbukumbu ndiyo inakutoa jasho hivyo? Kaa ule kwanza." Akamwekea bakuli la pudini ya ndizi, akasimama kando yake mpaka lilipoisha. "Bracey alisema hii isitoke humu ndani. Lakini Bracey amelala, na funguo ninazo mimi. Usije ukanifanya nijute, Verlon."

Alhamisi saa kumi na moja jioni, ukumbini hapakuwa na mtu bado. Verlon alitundika shuka jeupe ukutani, akawasha mashine, akaipeleka kanda mbele kutafuta mahali pa kuisimamisha. Maneno alikuwa nayo tayari, ameyanoa kama kisu chake: "Mwalimu mkuu, hebu waambie watu, ulikuwa unakimbilia wapi?"

Akapaona. Hapo ni mgongo wake, namba ishirini na moja. Hapo ni mkono unaokwenda nyuma ya kiuno.

Ulikuwa ngumi.

Alirudisha kanda. Ngumi. Akarudisha tena, akasogea mpaka shuka likamgusa pua, na ngumi ikabaki palepale, kubwa kuliko kichwa chake. Nyani haoni kundule, ila Verlon alionyeshwa lake ukutani.

"Bi. Earline amenipigia simu," sauti ikasema mlangoni. Alikuwa Lavoris, ndani ya suti yake mpya.

"Ulikuwa unajua," Verlon akasema bila kugeuka.

"Niliiona palepale uwanjani. Jumamosi yake kocha akaniita tukaitazama. Akasema ikijulikana itakumaliza. Nikamwambia mimi sisemi."

"Miaka yote hii nakutukana!"

"Nilikuwa nasikia. Mji wenyewe huu, mtu akipiga chafya wote wanajua."

"Sasa kwa nini, Lavoris?"

Lavoris alijikuna upara. "Mimi ni mlinzi wa nyuma, kaka. Ukikosea, nafunika. Ule mpira sikuuwahi. Hili nililiwahi."

Angetukanwa, Verlon angejua la kufanya. Lakini kuhurumiwa na mtu uliyemchukia ujana wako wote ni sawa na kulishwa kwa kijiko ilhali mikono yako unayo. Alimchukia Lavoris pale kuliko siku yoyote.

"Izime," Lavoris akasema taratibu. "Weka ile ya pembeni. Watu wanakuja kula."

"Usinipangie."

"Utajiaibisha bure, Verlon."

"Umenifunika miaka ishirini na tatu na sikukuomba. Leo hunifuniki."

Watu wakajaa, wakaketi mbele ya sahani za kambare wa kukaanga ambao yamkini aliwakata yeye. Waliposhiba Verlon akasimama, akaipeleka kanda mpaka pale, akaisimamisha.

"Mnajua nilichokuwa nasema juu ya huyu bwana," akasema. "Sasa tazameni mkono wangu."

Kila mtu mle ndani alijua maana ya ngumi, kwa jinsi alivyowasimulia miaka yote. Hata akina mama wa kwaya walijua. Kinyozi akapaza sauti kutoka nyuma: "Lahaula, Mkate! Kumbe ulijichoma mwenyewe!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Safari hii Shondra hakucheka. Verlon hakuwatazama hao wote. Alikuwa anamtazama Lavoris kwenye meza ya mbele, kichwa amekiinamisha kama mtu aliyeibiwa kitu alichokitunza muda mrefu. Kisasi alichokuja kukitafuta hakikuwepo, lakini hiki kidogo alikipata, na aliona utamu wake.

Kisha akabonyeza kitufe, kanda ikaendelea. Ukutani, mlinzi wa nyuma aliitazama ile ngumi, akageuka, akakimbilia kushoto kama alivyoagizwa.