Mlangilangi wa Bi Saliha

Hafidha binti Soud wa Ibra, huko Omani, hana maneno ya kujishusha. Ukimsifia mchoro wake hasemi, "Nimejaribu tu." Husema, "Ndiyo, umetoka vizuri." Wako wanaomwona ana maringo. Mimi namwona mkweli, maana mchoro huwa umetoka vizuri kweli.

Asubuhi ni karani wa shule. Baada ya alasiri huchora maua na majani kwa pasteli, vile vijiti vya rangi laini kama chaki, ambavyo ukivigusa tu vinakuachia unga vidoleni. Alianza miaka kumi na miwili iliyopita, alipovunjika mguu akalala kitandani miezi mitatu, na kaka yake Badar akamletea boksi moja kutoka Maskati ili apunguze kulalamika. Mguu ulipona. Kulalamika hakukwisha, lakini boksi nalo halikufungwa tena.

Huchora kwa kutazama picha za simu, wala haoni haya kulisema. Ua likikatwa Ibra mwezi wa sita, hujamaliza kupanga rangi zako limeshanyauka. Kwa hiyo huamka mapema akaenda kupiga picha majani ya mkunazi au maua ya mdimu kabla jua halijakomaa. Jani moja hulipiga picha tatu, usoni, mgongoni na kivulini, kwa sababu kijani cha mgongoni si kijani cha usoni. Akichora huanza na rangi za giza, zile zenye mwanga akaziweka mwisho, huku anasugua kwa ncha ya kidole. Vumbi halipulizi, huugonga ubao kwa nyuma likadondoka lenyewe. "Nipe picha, nikupe ua," ndiyo kauli yake.

Basi Badria wa Nizwa akampa picha. Mama yake, Bi Saliha, aliondoka Unguja akiwa na miaka kumi na minne, na uani kwao kulikuwa na mlangilangi. Ndugu zake wote wameshatangulia. Amebaki yeye tu aliyewahi kukaa chini ya mti ule. Badria alitaka mchoro mkubwa wa kutundika sebuleni kabla ya Idi, ili watoto wake waujue huo mlangilangi wanaousikia kila siku. Binamu yao aliyeko Unguja akaleta picha kwa simu: tawi limekatwa, limelazwa juu ya kitambaa cheupe, na maua ya manjano yenye petali ndefu nyembamba.

Hafidha amezaliwa Ibra, na Unguja hajafika. Hilo halikumshughulisha hata kidogo. Akaigeuzageuza simu mpaka tawi likakaa anavyopenda yeye, linapanda juu, na maua yote yametazama mbinguni kama watu waombao dua. Alikaa nalo wiki tatu, na alipomaliza alijipongeza kwa sauti.

Siku ya kuupeleka mchoro Nizwa alibeba na boksi lake, isije rangi ikahitaji kurekebishwa, akamkuta Bi Saliha ameketi sebuleni, wajukuu wamemzunguka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu."

Badria akamimina kahawa, kisha akaufunua mchoro. Watoto wakapiga makofi. Bi Saliha akavaa miwani, akatazama kitambo kirefu.

"Mashallah," akasema. "Una mkono mwepesi. Maua gani haya?"

Hafidha alihisi amemwagiwa maji baridi.

"Mama!" Badria akaruka. "Hii si mlangilangi? Ile ya nyumbani kwenu!"

"Huu? Huu sio." Bi Saliha alisema taratibu, asimuumize mgeni. "Labda kwengine unaota hivi."

Hafidha akatoa simu. Hakuwa tayari kushindwa mbele za watu. "Bibi, tazama picha yenyewe. Petali ni hizi hizi, rangi ni hii hii."

"Naziona. Lakini tawi limekatwa, likalazwa mezani. Nani kakwambia maua yanatazama juu?"

Hakuna aliyemwambia, na hilo ndilo lililomchoma. Jani la mkunazi hulipiga picha tatu, ua hili la watu alitosheka na moja, mengine akayajaza kwa ujuvi wake.

Badria akauchukua mchoro akaupindua miguu juu. "Basi! Sasa inatazama chini. Khalas."

Bi Saliha akacheka. "Na jua nalo limeanza kutoka ardhini?" Kweli, mwanga wote sasa ulikuwa chini ya majani.

"Si kitu, Mama. Nani atajua?"

Bi Saliha akavua miwani. Kicheko kilikwisha. "Ndiyo hivyo, mwanangu, hakuna atakayejua. Nikifa mimi, watoto hawa watasema mlangilangi wa bibi ndio huu, na watoto wao watasema hivyo hivyo. Inaniuma, sikufichi."

Hafidha aliona aibu. Lakini kwake aibu haikai sana, hugeuka kazi. Akaomba shuka kuukuu, akalitandaza sakafuni, akatoa brashi ngumu bokisini akayafuta maua yote ya wiki tatu. Karatasi yake ina ukakasi kama msasa. Rangi ilitoka vumbi tupu. Badria akashika kichwa.

"Sasa bibi, nionyeshe. Ua linakaaje?"

Bi Saliha akainua mkono juu ya kichwa, akalegeza kiganja, vidole vikaning'inia, viwili vimejikunja kwa baridi yabisi. "Hivi. Likiwa jipya ni kijani, hulioni ndani ya majani. Likiiva ndiyo manjano. Wewe unasimama chini yake, unainua uso."

"Usiushushe mkono, bibi."

Hafidha akaupiga picha kwa mbele, akaupiga ubavuni, halafu akapiga magoti akaupiga kwa chini. Kisha akaketi na boksi lake. Tawi aliliacha limepinduliwa, mwanga akauhamishia juu ya majani, na maua akayachora upya, yananing'inia, mawili petali zake zimejikunja. Mengine aliyaacha kijani, na Bi Saliha akawa anamwelekeza: "Hapo ongeza moja. Petali hiyo pana mno."

Karibu na magharibi ukawa tayari. Bi Saliha akasimama mbele yake, na machozi yakamtoka wala hakujificha. "Ndio wenyewe," akasema. "Wallahi, ndio wenyewe. Tufool, taal, njoo hapa. Maua yanatazama wapi?"

"Chini, bibi," mjukuu akajibu.

"Na wewe unatazama wapi?"

Tufool alikuwa ameshainua kidevu. "Juu."

"Ahsante. Basi sasa hata nikifa..."

"Mama, astaghfirullah! Usiseme hivyo!" Badria akamkatiza.

"Sijasema nakufa. Nimesema nikifa. Mmiminie Hafidha kahawa nyengine, ile yake imepoa."