Tone Kwenye Kiatu cha Sikio

Kaka yangu ni fundi wa magari, na pale gereji hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote wanamwita Sikio. Gari likiingia uani, haulizi linaumwa nini. Anainamisha kichwa, anasikiliza injini, halafu anasema, na mara nyingi anapatia. Sifa zilimkolea. Mtu akisifiwa masikio miaka yote, husahau kwamba kichwa kina vitu vingine.

Mimi nashona viti vya magari katika kibanda kinachopakana na uwanja wake. Cherehani yangu inatazama mlangoni, kwa hiyo ya nje nayaona mwenyewe, na nisiyoyaona naletewa na mpiga rangi, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa breki.

Kubadilisha oili ndiko kulikomlisha Sikio na watoto wake. Hata mimi nisiyeshika spana alinifundisha. Ukishamwaga oili ya zamani na kufunga filta mpya, unatia oili kwa kiasi, unawasha injini kidogo ili filta nayo inywe, unazima, unaiacha ishuke chini, na gari liwe limesimama mahali tambarare. Hapo unachomoa kijiti cha kupimia, unakifuta, unakirudisha mpaka mwisho, unakichomoa tena na kusoma. Oili ikae katikati ya alama mbili. Ikipungua, vyuma vinasagana. Ikizidi, inapigwa povu ndani, inatafuta pa kutokea, na kuungua kwa moshi.

"Oili ni kama chumvi," alikuwa akisema. "Kuongeza kila mtu anaweza. Nionyeshe wa kupunguza."

Siku za karibuni nikaanza kumwona akikipeleka kijiti mbali na uso, mkono umenyooka kama anamnyima mtoto pipi. Visingizio havikumwisha, mara jua kali, mara wingu limetanda. Nikamwambia, "Kaka, kapimwe macho." Akanijibu, "Miwani ni ya makarani."

Sasa, oili iliyokwisha kutumika ni nyeusi, hata mwenye jicho moja ataiona kwenye kijiti. Oili mpya ni nyepesi kama chai isiyokolea. Chuma kinang'aa, nayo inang'aa. Hiyo inataka macho.

Asubuhi moja akarudi Bi Mkunga. Huyu ndiye aliyewapokea watoto wote wa Sikio, na gari lake dogo ndilo linalomfikisha kwa wazazi uchungu ukiwashika. Sikio alikuwa amembadilishia oili juzijuzi. Gari liliingia uani likiburuta moshi wa bluu, mpaka mpiga rangi akaufunika kwa gazeti mlango aliokuwa ameupaka.

"Kaka, linatoa moshi kama jiko la kuni mbichi," alisema Bi Mkunga. "Na halikuwa hivi kabla hujalishika."

Watu wakageuka. Sikio akanyoosha mgongo.

"Umeongeza oili mwenyewe."

"Boneti sijaifungua."

"Shemeji, mimi nawajua. Mwanamke akipewa boneti anadhani ni sufuria, lazima afunue aonje."

Watu wakacheka. Bi Mkunga hakucheka, na mimi mguu wangu ukasita kwenye kanyagio la cherehani. Mwanamke huyu alimshika mkono mke wa Sikio kitandani akijifungua, Sikio mwenyewe akiwa nje ukumbini.

Sikio akaungoja ule moto wa injini upoe, akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha. Akakichomoa tena. Akanyoosha mkono kuelekea mbinguni.

"Pakavu," akasema. "Injini yako inakula oili. Ringi za pistoni zimekwisha. Lazima tuishushe tuifungue, na hilo si jambo la leo wala kesho."

"Na wajawazito wangu niwaendee kwa miguu?"

"Si mimi niliyezila ringi."

Akachukua kopo la oili, akazungusha kifuniko, tayari kuongeza. Kijiti bado amekishika kwa mkono mwingine, kimeelekea chini. Na kutoka kwenye ncha yake, mahali aliposema pakavu, tone likajikusanya, likaning'inia, likaangukia kiatu chake.

Nililiona. Bi Mkunga aliliona. Mpiga rangi aliliona, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanyamaza.

Nikatoka kibandani na sindano ingali imechomekwa kwenye gauni kifuani. Nikamsogelea, nikasema kwa sauti ya chini, "Kaka, weka kopo chini. Kijiti kimelowa mpaka juu ya alama."

"Wewe shona viti."

"Nitashona. Weka kopo chini."

Akakipitisha kidole gumba kwenye kijiti, toka juu kushuka chini, polepole. Kidole kikarudi kimelowa. Akakiangalia kile kidole, akaangalia kiatu, kisha akaangalia popote ambapo hakukuwa na mtu. Nimemwona kaka yangu akizika, nimemwona akiugua. Uso ule sikuwa nimeuona. Masikio yenyewe, yale ya sifa, yaliiva mekundu.

Alichukua beseni, akalala chini ya gari, akailegeza nati ya chini. Oili ikatiririka, bado mpya, safi, ikamwingia mpaka kwenye mkono wa shati. Akakaza. Akatoka. Akawasha, akazima, akasubiri. Uwanja mzima ulikuwa unajidai una kazi. Mtu anasugua spana ambayo haikuwa chafu.

Akachomoa kijiti. Akakileta karibu, akakipeleka mbali. Mkono ukafika mwisho wa urefu wake, na mkono ukiisha hakuna mwingine wa kuunganisha. Kisha akamnyooshea Bi Mkunga, bila kumtazama.

"Nisomee."

Alisema chini, lakini pakiwa kimya hata mate yanasikika.

"Bado iko juu ya alama," alisema Bi Mkunga.

Akarudi chini ya gari. Safari ya pili aliposomewa ikawa katikati, sawasawa. Moshi ukaanza kufifia wakati injini ikinguruma. Hakuna ringi iliyokwisha wala injini ya kushushwa.

"Shemeji," alisema Sikio, "yale maneno yangu ya sufuria..."

"Niliyasikia." Bi Mkunga alifunga boneti mwenyewe. "Wenzako nao waliyasikia, ukitaka kuyafuta uwaite hao hao. Na macho yako ulitaka kuyaficha mpaka lini? Mficha uchi hazai. Kama kuna mtu wa kukuambia hilo, ni mimi."

Akaondoka. Sikio akaja kibandani kwangu, akakaa juu ya kiti kisicho na kitambaa, springi zikalia.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu niliposhindwa kuuona uzi kwenye sindano yako. Oili natia kwa mazoea. Nasikiliza." Akafuta mikono ambayo ilikwisha kuwa safi. "Lakini oili haina sauti, dada. Ikianza kusema, imekwisha kuharibu."

Nilikata kitambaa cheupe cha kutandikia ndani ya viti nikampa. Ukikilaza kijiti juu ya kitambaa cheupe, oili inaacha alama yake hata kwa macho mabovu. Akakikunja akakitia mfukoni haraka, kama kitu cha wizi.

Nilidhani atakwenda nyumbani. Badala yake alisema, "Twende kwa dereva wa teksi. Yeye nilimbadilishia kabla ya Bi Mkunga. Halafu wengine."

Tulimkuta dereva analiosha gari lake. Akafurahi, akafungua boneti. "Sikio mwenyewe leo? Kuna nini?"

"Nimekuja kupima oili."

"Si ulishapima?"

Kaka yangu alikitoa kile kitambaa, akakikunjua mbele yake.

"Sikupima," akasema. "Nilishika kijiti tu."