Mke wa Mwakilasa Alikuwa na Jina

Tupokigwe alifanya kazi ya ukunga miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo hakuandikisha mtoto hata mmoja bila jina la mama yake. Ndiyo maana siku kaka yake Jotham alipotuma mchoro wa ukoo kwenye kundi la WhatsApp, akaona juu kabisa pameandikwa "Mwakilasa na mkewe," alihisi kama mtu amemkanyaga makusudi.

Jotham, mtoto wa baba yake mkubwa, ni bwana shamba mstaafu, naye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Ukoo ulikuwa unaandaa jiwe la kumbukumbu kule Matwebe, kwenye kiwanja cha zamani cha Mwakilasa. Watoto wote wa ukoo wamefundishwa kwamba Mwakilasa ndiye mzee wa kwanza pande zile kumpeleka mwanawe misheni akabatizwe, enzi za Wajerumani. Mwana huyo, Abrahamu, ni babu yao Tupokigwe na Jotham.

"Jina la bibi halijulikani, dada," Jotham alimwambia kwa simu. "Wazee wote wameshakufa."

"Shangazi Sekela amekufa lini?"

Jotham akasema mtandao unasumbua.

Shangazi Sekela, kitinda mimba wa Abrahamu, ana miaka tisini. Tupokigwe alimkuta jikoni kwake Matwebe anamenya ndizi. Alipouliza, shangazi alimenya nyingine tatu kwanza, bila kuinua macho.

"Walitukataza kumtaja," alisema, kwa Kiswahili chake kile ambacho kila r hugeuka l. "Baba alimwita Syanda. Hakuwa mtu wa hapa. Aliletwa na wafanyabiashala wa pembe, kamba shingoni. Hakutolewa ng'ombe hata mmoja. Angepewa nani, na baba yake yuko huko mbali? Wakasema tunyamaze, watu wasije wakatucheka kwamba bibi yetu hana ng'ombe."

Tupokigwe alirudi kwake Msasani, wilaya hiyohiyo. Wiki hiyohiyo alimfuata mchungaji mstaafu Yohane, mzee aliyejifunza Kijerumani ujanani mwake, wakaenda misheni kuomba daftari la zamani la ubatizo. Kurasa zilikuwa na madoa ya unyevu. Mzee alipitisha kidole, akasimama mahali, akaanza kufasiri polepole.

"Mtoto wa kiume, Abrahamu. Mama, wameandika Tschanda. Kwa herufi zetu ni Chanda. Ametoka mbali, magharibi. Mwakilasa alimnunua kwa pembe moja. Alikimbilia hapa mara ya kwanza, mwanamume akaja kumchukua. Sasa amekuja tena, mtoto mgongoni, wamelowa. Anaomba mtoto abatizwe, ili asinyang'anywe."

Tupokigwe alimwomba arudie, naye akarudia neno kwa neno. Kumbe Mwakilasa hakumpeleka mtoto popote. Mwakilasa ndiye aliyekuwa anakimbiwa.

"Lakini ukurasa huu nilishamsomea mtu," mzee alisema akifunga daftari. "Jairo, baba yako mkubwa. Mwaka sabini na tisa. Alikuja na kijana wake, huyu aliyekuja kuwa bwana shamba. Kijana ndiye aliyeandika yote kwenye karatasi."

Kutoka pale Tupokigwe alikwenda moja kwa moja kwa Jotham. Agness, mke wa Jotham, alikuwa ameshika chupa ya chai, akabaki ameishika hivyohivyo.

"Ulijua," Tupokigwe alisema.

"Nilimwahidi baba. Wewe unataka wajukuu wasome kwamba babu yao alinunua mtu?"

"Nataka wasome kwamba bibi yao alikimbia."

"Jiwe ni la heshima, dada. Si mahali pa kuanika aibu."

"Aibu ya nani, kaka? Ya aliyefungwa kamba, au ya aliyetoa pembe?"

Jotham aliangalia dirishani. "Jiwe limeshachongwa," alisema.

Siku ya uzinduzi kitambaa kilivutwa, na maandishi yalikuwa yaleyale, Mwakilasa na mkewe. Jotham alisimulia habari ya mzee aliyemshika mwanawe mkono mpaka misheni, watu wakapiga makofi. Tupokigwe hakuwamo kwenye ratiba. Alisimama tu. Alipotamka kwamba mtoto yule alibebwa mgongoni na mama aliyekuwa anatoroka, Jotham alimpungia mkono kijana wa vyombo, muziki ukafunguliwa. Tupokigwe akahamia upande wa wanawake, akaendelea kwa sauti ya wodi ya wazazi, sauti ambayo haijawahi kuhitaji kipaza sauti.

"Naloli," alisema shangazi Sekela, yaani ni kweli, akigonga fimbo chini. "Naloli."

Wajomba wawili waliondoka bila kula. Binamu mmoja alimwambia amewavua nguo mbele za watu. Jioni ile Jotham alimtoa kwenye kundi la simu, na jiwe liko vilevile hadi leo.

Hasira hazikumtoka. Alimkasirikia Jotham, na Mwakilasa pia, ambaye jina lake limo kwenye vyeti vyake vyote. Damu ya mnunuzi nayo ni yake, na hilo hana wa kumshitakia.

Miezi miwili baadaye Agness alikuja Msasani asubuhi, akatoa karatasi kuukuu kwenye mkoba. "Hajui kama nimeichukua," alisema, akaondoka bila kukaa. Chini ya maneno ya daftari, Jotham alikuwa ameongeza yale aliyoambiwa na baba yake siku ile: Chanda alizikwa nje ya kiwanja, juu ya kijito, kwa kuwa wazee walikataa alazwe pamoja na ukoo.

Tupokigwe alikaa. Baba yake mwenyewe alikufa mwaka tisini na nane. Mpaka siku za mwisho alikuwa anauliza ndugu zake bibi yake amelazwa wapi, na Jotham alikuwapo chumbani.

Akampigia. Jotham alipokea, labda kwa kusahau.

"Baba yangu alikuuliza wewe mwenyewe," Tupokigwe alisema. "Ulikuwa umekaa kitandani kwake."

Simu ikakatwa.

Jumamosi alipanda kwenda Matwebe. Alimsomea shangazi Sekela karatasi; kaburi hakulijua, lakini kijito alikijua, akamwonyesha mahali kwa fimbo, pembeni ya migomba, nyasi zimefika kiunoni. Tupokigwe aliomba panga. Alifyeka peke yake mpaka mchana, mvua ikimnyeshea, na kwa kila pigo alikuwa anagombana na Jotham moyoni.