Matawi ya Michikichi Mbele ya Nyumba Yangu

Msinicheke sana, mimi mwenyewe sijamaliza kujicheka. Tangu uhuru ufike Uvira, kila karani anataka maua mbele ya nyumba, kama Wabelgiji. Nami pia. Wazazi wa mchumba wangu walikuwa wanakuja kutoka Makobola kunipa jibu lao la posa, basi nikapanda maua mekundu toka barabarani hadi mlangoni. Jua lilipoanza kuyaunguza, nikasimika matawi ya michikichi kando ya njia, yayatilie kivuli. Kisha nikajilaza ndani, nikaota ziwa lote limechanua, mchumba wangu anatembea juu yake bila kulowa.

Ndotoni nikasikia kwaya. Nikaamka, kwaya haikukoma. Nilitoka na shuka mabegani, nikakuta mtaa wetu wa Songo mzima umeketi uani, unalia. Hapo ndipo nilipokumbuka: kwetu matawi yale husimikwa kwenye nyumba yenye kilio. Na kwa kuwa naishi peke yangu, marehemu nilikuwa mimi.

Mama mkwe alikuwa amenipa mgongo. "Mutoto muzuri hivi, na nyumba iko na maua!" aliomboleza. "Na sisi tulikuja kumukatalia!"

"Juu ya nini munikatalie, mama?" nikauliza.