Gari Jekundu la Milango Miwili

Harufu ya viti vya plastiki vilivyochomwa na jua, ikichanganyika na petroli, ndiyo ninayoikumbuka kwanza. Ilikuwa harufu ya gari la baba, na kwa sisi watoto wa kijiji cha Kanja miaka ile ya tisini hapakuwa na kitu kingine cha kulinganisha nalo. Lilikuwa dogo, jekundu, refu mbele na fupi nyuma, limeinama karibu kabisa na ardhi. Baba, aliyekuwa mwalimu wa jiografia, alilinunua kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa akirudi kwao baada ya kazi yake katika mradi wa maji kuisha. Siku alipolileta nyumbani watoto wa majirani walilizunguka wakilipapasa kama ndama mgeni, na baba akawaacha wapige honi mpaka ng'ombe wakakataa kukamuliwa.

Jioni, tukisubiri chakula jikoni, alitusimulia habari za gari hilo. Alisema kwamba zamani huko Ulaya magari ya mbio yalikuwa ya matajiri tu. Ndipo mafundi wakachukua injini na vyuma vya chini vya gari la kawaida la familia, wakavivika bodi ya kupendeza, wakaliuza gari hilo jipya kwa bei ambayo karani au mwalimu angeimudu. Vijana walilipenda mno. Kisha vijana wale wakaoa, wakapata watoto, wakataka milango minne, na kiwanda kikaacha kuliunda. "Lilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama mimi," alimalizia kila mara, na uso wake ukang'aa kwa moto wa kuni. Mama alimtazama, mkono ukiwa juu ya tumbo lake, akamwita kwa jina langu kama kawaida yake. "Baba Wawira, sisi tuko watano, na wa sita yuko njiani. Utatupanga wapi?" Baba alicheka. Mimi na kaka zangu wawili tukacheka pia.

Uchungu ulimshika mama asubuhi moja ya Jumamosi, katikati ya mvua za masika. Nyanya, mama yake baba, alisema tumwite Baba Nyaga, jirani yetu mwenye pikapu ya kubebea kahawa, kwa kuwa njia ilikuwa tope tupu. Baba alikuwa ameshashika funguo. "Gari ninalo hapa mlangoni," alisema. "Kwa nini nikaombe la mtu?" Nyanya alimfunga mama leso kiunoni, akanisukuma mimi kwenye kiti cha nyuma na kapu la nguo za mtoto, magoti yangu yakigusa kidevu.

Hatukufika mbali. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni gari liliteleza, tumbo lake likakaa juu ya tuta la katikati ya njia, na magurudumu yakabaki yakizunguka na kurusha tope. Baba alishuka, akasukuma, akakata matawi akayaweka chini ya matairi, akasukuma tena. Mvua ilipiga bati la gari kwa nguvu hata sikusikia alichokuwa akisema peke yake. Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Kisha akafungua mlango, akamwita kwa jina lake, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya. "Njeru, achana na gari. Niangalie mimi." Baba alisimama pale, tope mpaka mapajani, akamwangalia, wala hakujua la kufanya. Akanituma kwa Baba Nyaga. Nilikimbia nikilia.

Pikapu ilikuja na minyororo kwenye magurudumu, ikampeleka mama hospitali mjini Embu. Mtoto alikuwa wa kiume. Alizaliwa bila kulia. Tulimzika kwenye ukingo wa shamba la kahawa, na wanaume wakalivuta gari mpaka nyumbani, baba akalifunika kwa turubai. Mama hakumlaumu kwa neno lolote, nami nadhani hilo ndilo lililommaliza. Hadithi za jikoni zilikoma. Baba alikula akiwa ameinamisha kichwa, akaenda shuleni kwa miguu, akarudi, akalala. Kuku walitagia chini ya usukani mpaka mwenye vyuma chakavu akaja kulichukua.

Leo lami inapita pale pale tulipokwama. Mjamzito wa Kanja huchukuliwa kwa gari na kufika Embu kabla habari za redio hazijaisha, nami huwa nafurahi kwa ajili yake, kisha moyo unaniuma. Huko Ulaya, nasikia, magari kama lile sasa yanatafutwa kwa udi na uvumba. Mwaka jana nilimwonyesha baba picha ya moja kwenye simu, jekundu vilevile, limepigwa msasa na rangi mpya. Aliishika simu, akaisogeza karibu na macho. "Limetunzwa," alisema. Baadaye akaongeza, kwa sauti ya chini, "Yule mtoto angekuwa mtu mzima sasa." Mama, aliyekuwa akimenya viazi kando yake, aliweka kisu chini, akainuka, akaingia ndani. Hakuna aliyemfuata.