Tata Alikuwa Akiniambia Mimi

Utomvu wa mgomba uliokatwa una harufu kali, kama chuma kilicholoweshwa maji. Juzi hapa Ijuganyondo jirani yangu alikuwa akiangusha migomba yake iliyoshikwa na mnyauko, nami nimekaa nje nachambua maharage. Upepo ulipoileta ile harufu, mikono yangu ikaacha kazi yenyewe. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Lakini nilikuwa nimeshafika mbali, Kamachumu, kwenye kibanja cha baba yangu, shamba lake la migomba, enzi za Mwingereza, nikiwa msichana ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yameota upya.

Baba yangu Rweyemamu, ambaye sisi watoto tulimwita Tata, alikwenda vitani Burma akarudi na koti zito la kijeshi, kovu la shingoni, na maneno matatu ya Kiingereza: weiti endi sii. Yaani, ngoja uone. Aliyapata kwa afisa wao Mzungu. Walipomuuliza watakula lini, watavuka mto lini, watarudi kwao lini, aliwajibu hivyo hivyo bila hata kugeuza shingo. Wenzake walimchukia yule afisa. Tata yeye aliyachukua maneno yake, akaja nayo nyumbani akayafuga kama kuku.

Mama akilalamika kwamba mvua imechelewa, Tata alisema weiti endi sii. Nikiuliza kama mayai yote yatatotolewa, weiti endi sii. Mwinjilisti wetu wa Kilutheri alimwendea siku moja kumuuliza ataacha lini kunywa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, naye akamjibu hayo hayo, tena kwa heshima, kofia ikiwa mkononi. Kijiji kizima kikamwita Ta Weitensii, naye akaitika.

Mimi alikuwa na namna yake ya kuniambia. Aliinama, akaniwekea kiganja utosini, akayasema polepole kama mtu anayenong'ona siri. Na kila aliponiambia hivyo, kitu chema kilifuata: gauni la Krismasi, mua, mdogo wangu Byabato aliyezaliwa mzima baada ya mama kuugua sana. Kwa hiyo sikuyajua kama jibu la mtu asiye na jibu. Niliyajua kama ahadi, na niliamini ni yangu mimi na yeye.

Kisha ikaja amri ya migomba. Serikali ilisema kuna mdudu anayekula mashina kutoka chini, na kila kibanja chenye mdudu huyo lazima kisafishwe, migomba ing'olewe. Asiyetaka, yake ingeng'olewa kwa nguvu. Huko kwetu mtu alizaliwa katikati ya migomba, akala humo, akazikwa humo. Bibi yangu mzaa baba alilala chini ya migomba ile ile tuliyokuwa tukikata ndizi zake. Watu wakakusanyika sokoni kupinga, wakatawanywa kwa virungu. Jirani yetu mmoja alirudi jioni ile sikio lake likining'inia, amelishika kwa mkono kama anayesikiliza kitu cha mbali. Watoto tulimfuata nyuma hadi mlangoni kwake, na hakuna aliyetufukuza.

Kwetu walikuja asubuhi, umande haujakauka. Alitangulia bwana shamba aliyeitwa Ishengoma, mtu wa kijiji cha pili tuliyesali naye kanisa moja. Nyuma yake walikuwa askari wawili na vibarua wenye mapanga. Tata alikuwa akitandaza kahawa kwenye mkeka mbele ya nyumba. Mama alikuwa na Byabato mgongoni na muhoro mkononi, kile kisu chetu chenye ncha iliyopinda, anakata majani makavu.

"Waitu, mabwana, nionyesheni huyo mdudu," Tata alisema. "Mkinionyesha, nitaikata mwenyewe."

Ishengoma hakumtazama usoni. "Kimeamriwa kibanja chote, Ta Rweyemamu. Mimi nimetumwa tu."

"Chote? Hata hiyo michanga?"

"Chote."

Vibarua wakaanza. Mgomba hauanguki kwa kishindo cha mti. Unapiga kelele ya maji, halafu unalala. Mikungu ilikuwa bado mibichi, ikapasuka chini, na utomvu ukatuchirizikia hadi uani. Nikakimbia nikalishika koti la Tata kwa mikono yote miwili.

"Tata, tutakula nini?"

Akainama. Akaniwekea kiganja utosini. "Weiti endi sii," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, labda imekauka kidogo tu.

Askari mmoja, mrefu, alikuwa amesimama karibu nasi. Alikuwa amekaa mjini vya kutosha kuyaelewa yale maneno. Akageuka.

"Umesema nini? Nitakiona? Nitakiona nini?"

Tata hakuwahi kujibu. Kirungu kilimpata mdomoni. Niliona meno yake yakidondoka kwenye kahawa, na kwa akili yangu ya kitoto nikafikiri lazima niyaokote kabla hayajachanganyika na punje. Kirungu cha pili kilimpata begani, cha tatu kikampata magotini. Alipoanguka yule askari akaendelea kwa buti, mbavuni na mgongoni, akihema na kurudia, "Nitakiona nini? Sema! Nitakiona nini?" Nikamng'ang'ania mguu. Alinirusha kama mtu anayekung'uta tope, nikajigonga ukutani.

Mama hakupiga kelele. Nimemkumbuka maisha yangu yote namna alivyokuja: kwa mwendo wa kawaida, mtoto mgongoni, kama anayekwenda kuchota maji. Muhoro ukapanda na kushuka mara moja tu. Ulimwingia askari kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko, ukafika kwenye mfupa. Kirungu kikamponyoka. Alitazama mkono wake kwa mshangao, kisha akalia kwa Kihaya, "Mawe! Mawe!", anamwita mama yake, na ndipo nilipojua kuwa naye ni mtu wa kwetu.

Askari wa pili alimpiga mama kirungu cha bega hadi muhoro ukamwanguka. Majirani walikuwa wameshasikia, wakafika na majembe na fimbo. Jiwe likampasua Ishengoma paji la uso, akakimbia akijikwaakwaa kwenye migomba iliyolala. Wakamzunguka yule askari aliyekuwa mzima, na jembe moja lilikuwa tayari limeinuliwa juu ya kichwa chake. Tata, akiwa kifudifudi, mdomo umejaa damu, aliinua mkono.

"Mwacheni! Mkimuua huyu, watakuja kutumaliza sote na watoto!"

Jembe likashushwa. Jioni ile walikuja askari wengi zaidi, Tata na mama wakapandishwa lori wamefungwa kamba, na Byabato naye, kwa sababu alikuwa bado ananyonya.

Kesi ilisikilizwa Bukoba. Shangazi, dada yake Tata, alinipeleka, na nikaruhusiwa kukaa chini miguuni pa mama ili nimpakate mtoto. Bwana Shauri, Mzungu aliyekuwa akiamua kesi, alikaa mbele na mkalimani pembeni yake. Askari alisimama, mkono umefungwa bendeji nene, akaeleza kwamba mshtakiwa alimtisha kwa Kiingereza, akamwambia atakiona, na papo hapo mke wake akamkata.

Bwana Shauri alimtazama Tata kwa muda. Bila shaka yale maneno ya lugha yake mwenyewe yalimshangaza kuyakuta kwenye kibanja cha Kamachumu.

"Maneno hayo ulimwambia nani?" mkalimani akauliza.

Nilinyoosha shingo. Nilijua Tata atanionyesha kwa kidole, na watu wote watageuka kunitazama.

"Nilimwambia askari," Tata akasema. Bila meno, sauti yake ilitoka na upepo.

"Na mke wako?"

"Mke wangu anatii ninachomwambia. Nilikuwa nimemwagiza tangu mapema, akinisikia nikilitoa neno lile, akate. Kama mnamtafuta aliyekata, mimi ndiye."

Nikainuka nusu. "Si kweli! Alikuwa akini—"

Mkono wa mama ulinifunika mdomo kwa nguvu ambayo sikuijua. Alinibana hadi meno yangu mapya yakauchana mdomo wangu wa ndani, nikameza damu yangu mwenyewe, na hakulegeza mpaka hukumu iliposomwa. Tata alipewa kifungo na viboko. Mama alikaripiwa, akaambiwa arudi nyumbani akalee mtoto wake.

Kijijini Tata aligeuka shujaa hata kabla hajatoka. Vijana walisalimiana kwa maneno yake, wanawake walicheka kisimani wakisimulia alivyomtisha askari kwa lugha ya Mzungu. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba. Nilihisi nimenyang'anywa. Neno langu lilikuwa limegawiwa watu wote, na limegeuzwa kuwa tusi la vita.

Alirudi amekonda, na tangu siku hiyo hakuweza kuegemea kiti kwa mgongo. Alipanda machipukizi aliyoombaomba kwa ndugu zetu walioko Rubafu, kwa sababu kwetu hayakubaki. Maneno yale hakuyasema tena. Watu walipomwita Ta Weitensii hakuitika.

Sikumuuliza mpaka nilipokaribia kuolewa. Alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka, mama akimenya ndizi karibu naye.

"Tata, siku ile ulikuwa ukimwambia nani?"

"Wewe," akasema mara moja, kana kwamba nimemuuliza habari ya jana.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ni wewe, mama yako angekuwa amemkata askari kwa moyo wake mwenyewe. Wangemweka ndani miaka. Byabato angenyonya wapi? Na tena nilikuwa nimekudanganya. Uliniuliza mtakula nini, nami sikujua. Tangu Burma sijawahi kujua. Afisa wetu naye alikuwa hajui."

Nikamgeukia mama. Nilitaka kumwambia kwamba mdomo wangu bado una alama kwa ndani, na kwamba nilikuwa sijamsamehe. Yeye akaweka kisu chini, akafuta utomvu kwenye kanga, akaninyooshea mkono wake wa kushoto. Kwenye nyama ya chini ya kidole gumba palikuwa na kovu la nusu duara nililoliona kila siku tangu utotoni, nikiamini ni la muhoro. Nililitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Yalikuwa meno, safu mbili.

"Mkono mmoja ulikuwa mdomoni mwako," mama akasema. "Huu ulikuwa mdomoni mwangu."