Kibia cha Mashendea

Jana nilipita nyuma ya jiko la jirani yetu hapa Madungu, nikanusa mashendea yanachemka na bizari nyembamba. Miguu ikasita yenyewe. Harufu ile ni ya Bibi yangu, Bi Saada, na ni ya aibu moja niliyoifanya nikiwa na miaka minane. Mpaka leo sijamwambia mtu. Nakwambieni nyinyi.

Bibi alikuwa na tumbo bovu tangu mie sijazaliwa. Akila mbaazi za nazi, linajaa upepo kama ngoma. Akila pilipili au vya mafuta, kiungulia humlaza siku mbili. Basi akajiwekea sheria zake. Asubuhi papai. Mchana mashendea, ule wali wa majimaji uliopondeka, na samaki wa kuchemsha. Baada ya magharibi hatii kitu mdomoni ila maji ya moto. Alitafuna taratibu mpaka sie tunamaliza, tunanawa, tunaanza kugombana, yeye bado. Na sheria zile zilimweka mzima: kilima cha mikarafuu alikipanda bila ya kuhema.

Tabu ilikuwa harusini. Kwetu watu wanne hula sinia moja, na Bibi alikwenda na kibia chake, kile kichungu kidogo cha mashendea, kimefungwa kitambaa, mie ndiye mbebaji. Hakupata kusema kwa nini, kwa hiyo watu wakajisemea wenyewe. Bi Mize, rafiki yake wa utotoni, aliona Bibi hauamini mkono wake, na hapa kwetu mwanamke akikataa chakula cha mwenzake, kila mtu anajua anashuku nini. Miaka miwili walisalimiana kwa mdomo tu.

Bi Mize alipomwoza binti yake, alitualika. Bibi alifurahi, akasema, "Leo tunakwenda kupatana." Njiani alitangulia na wenziwe. Nyuma yangu wanawake wawili wakacheka: "Tizama, kaja na chungu chake! Na leo pia anaogopa kulogwa?" Uso ukaniwaka moto. Nikakiweka kibia chini ya mkarafuu kando ya njia, nikakifunika majani, nikakimbia.

Sinia la pilau likaja, linang'aa mafuta. Bibi akaninyooshea mkono nimpe kibia. Nikatazama mkeka. Akanitazama kidogo, akafahamu. Bi Mize kasimama mlangoni na birika la kunawia, anangoja aone.

"Mize," Bibi akaita, kwa sauti niliyokuwa sijapata kuisikia. "Tumbo langu bovu, mwenzangu. Mwaka wa kumi na ngapi huu, siwezi mafuta, siwezi pilipili. Nilikuwa naona haya kusema. Nipikie mashendea, kwa mkono wako."

Bi Mize akaweka birika chini. "Hee! Na siku zote hizo weye unanijia na kibia? Mie usingizi sipati, nasema Saada kaniona mchawi!"

"Mchawi weye? Hata kuku wako huwezi kuwarudisha bandani!"

Kicheko kikapasuka. Bi Mize akaingia jikoni na leso yake mpya ya harusi, akapika mwenyewe, akaja kukaa ubavuni mwa Bibi, wakala bakuli moja wawili wao. Pilau akawaachia wageni.

Wakati wa kurudi, tulipofika penye ule mkarafuu, ncha ya kitambaa ilikuwa inachungulia majanini. Bibi akainama, akakitoa kibia, akanipa. "Kizima," alisema. Basi. Hakuniuliza kitu.

Siku ile nilidhani nimesalimika kwa bahati. Sasa nina miaka kumi na sita, nakaa nyuma darasani, na nikiwa sijafahamu hesabu huona bora nipate sifuri kuliko kunyoosha mkono mbele ya wenzangu. Ndipo nilipofahamu kwamba Bibi alibeba kibia kwa sababu ile ile inayoniinamisha kichwa mie. Alikuwa na haya kama zangu. Nami nilimnyang'anya pa kujifichia, akasimama akasema mbele ya watu wote, na jina langu hakulitaja.